Mlevi Apumzikaye: Mhusika Aliyesahauliwa katika Michezo ya Shule

Anayetazama michezo ya kuigiza ya wanafunzi wetu, iwe Arua iwe Koboko, hachukui muda kumtambua baba mlevi. Huingia jukwaani akiyumba, koti amelivaa kinyume, chupa tupu mkononi, akiimba wimbo usio na mwisho. Watoto waliokaa mbele huangua kicheko kabla hajasema neno. Katika sehemu ya kwanza anauza mbuzi wa ada. Katika sehemu ya pili anampiga mkewe. Katika sehemu ya tatu ama anakufa barabarani, ama anaanguka miguuni pa mhubiri, anaivunja chupa, na kesho yake asubuhi anatoka amenyoa ndevu, amevaa shati jeupe, jembe li begani. Pazia hufungwa, hadhira hupiga makofi, na mgeni wa heshima husimama kusema kwamba vijana wametoa mafunzo.

Mchezo mmoja wa namna hiyo tuliutazama Koboko, nao ndio uliotusukuma kuandika makala haya. Hatutautaja jina, wala hatutaitaja shule, kwa kuwa makosa tutakayoyaeleza si ya shule moja. Ni makosa yetu sote tunaoandika michezo hii, tunaoisahihisha, na tunaoketi mbele tukiwa waamuzi. Kwa upande wa fani vijana wale walistahili sifa: sauti zao zilifika nyuma, nyimbo zilifungamana na vitendo, na msichana aliyeigiza mke alijua kunyamaza, jambo ambalo waigizaji wengi wakubwa hawalijui. Kilichotusumbua ni sehemu ya tatu. Baba alitamka kwamba kuanzia siku ile pombe basi, kwaya ikaimba wimbo mmoja, naye akarudi mzima. Nyuma yetu alikaa mzee mmoja. Alimgeukia jirani yake akasema, tena bila ya kunong'ona: "Huyu hajawahi kuacha hata wiki moja."

Watu wa karibu walicheka. Sisi tuliyaandika maneno yale katika daftari, maana yalikuwa uhakiki mfupi kuliko wetu na sahihi kuliko wetu.

Hoja yetu, kwa hiyo, ni hii. Sanaa yetu ya jukwaani inawajua walevi wa aina mbili tu: anayekunywa mpaka afe, na anayeacha mara moja mpaka afe. Kati ya hao wawili yupo mtu wa tatu, ambaye kila msomaji wa ukurasa huu anamfahamu kwa jina: mtu anayeiweka pombe kando kwa muda. Huyo hana nafasi jukwaani. Nasi tunadai kwamba kukosekana kwake si upungufu mdogo wa fani. Ni uongo ndani ya maudhui, na uongo huo una madhara.

Mtu huyo wa tatu tunamkuta wapi? Tunamkuta kila mwaka. Jumatano ya Majivu inapofika, wako waumini wa Kanisa Katoliki, kuanzia wale wanaosali Ediofe mpaka wa vigango vya mbali, ambao huamua wenyewe kwamba Kwaresima hii hawatagusa kwete wala waragi. Kanisa halikuwawekea sheria ya pombe. Liliwataka wajinyime, nao wamechagua cha kujinyima. Mwezi wa Ramadhani unapoandama, Koboko na kwingineko, wako Waislamu wanaokunywa kwa siri au kwa dhahiri ambao kwa mwezi mmoja hawaonekani kilabuni. Wanajua vizuri kwamba kwa Mwislamu pombe ni haramu miezi yote kumi na miwili, na mashekhe hawachoki kuwakumbusha. Hata hivyo mwezi huo wanajizuia. Wako pia wasio na dini ya kuwapangia siku: aliyepewa dawa na muuguzi akaambiwa asichanganye na pombe, anayetaka kulima kwanza mvua zinapoanza, anayekusanya ada ya muhula, aliyeona mikono yake ikitetemeka akaogopa. Hawa wote hawajaacha. Wamepumzika. Na kupumzika huko kuna mwanzo, katikati na mwisho, yaani kuna kila kitu ambacho mwandishi wa mchezo anakihitaji.

Pengine lugha yenyewe imechangia kutupofusha. Tukiwa walimu wa Kiswahili tulitazame jambo hili kwa karibu. Tuna neno *kuacha*, nalo halina kipimo cha muda: aliyeacha ameacha. Tuna *kukoma*, nalo lina kauli ya adhabu ndani yake. Mtoto huambiwa akome baada ya kuchapwa, na mlevi aliyekoma ni mlevi aliyepata cha mtema kuni. Tuna *kujizuia*, ambalo laeleza nguvu bila ya kueleza siku. Neno pekee lenye mipaka ya mwanzo na mwisho ni *kufunga*, na neno hilo limeshika njia ya ibada. Mwenye kufunga hufungua. Hakuna anayemcheka kwa kufungua, kwa sababu kufungua kumo ndani ya maana ya kufunga. Lakini mwenye kupumzika pombe akirudia kikombe husemwa kwamba ameshindwa, hata kama aliahidi siku thelathini akazitimiza zote thelathini.

Watu wa pwani wana neno jingine la kufaa katika mjadala huu, nalo ni *vunjajungu*: ule ulaji na ufurahiaji wa siku za mwisho za Shaabani kabla ya kuingia mwezi mtukufu. Neno hilo limepanda bara, na kwa wanywaji limepata maana ya kunywa kwa pupa kabla ya kufunga mlango. Tazama basi: lugha imeupa jina usiku unaotangulia mapumziko, na imeipa jina sikukuu inayoyafuata, lakini siku zenyewe za katikati, mtu anapokaa na kiu yake, hazina jina. Waandishi wetu wamefuata lugha. Wameandika vunjajungu na wameandika toba. Katikati hawakuandika kitu.

Isidhaniwe kwamba tunailaumu michezo ya wanafunzi peke yake. Hata riwaya zetu bora zimemtazama mlevi kwa mbali. Chukua *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971. Zakaria, babake Rosa, ni mlevi, na mwandishi anatuonyesha bila kificho ulevi huo unavyomlemea Regina, mkewe, na unavyokwenda sambamba na ukali usio na busara juu ya binti zake. Adhabu anayompa Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana ni mojawapo ya mambo yasiyosahaulika na msomaji. Hapo Kezilahabi alifanya kazi kubwa: aliuondoa ulevi katika kicheko akauweka nyumbani, mahali pake. Lakini riwaya ile ni ya Rosa, si ya Zakaria. Tunamjua Zakaria kwa majeraha anayoyaacha kwa wengine. Hatuketi naye usiku mmoja anapotaka kunywa asinywe. Hatumlaumu mwandishi kwa kutoandika kitabu ambacho hakukusudia kukiandika. Tunasema tu kwamba kitabu hicho bado hakijaandikwa, na kwamba waigaji wa Zakaria katika michezo ya shule wamechukua fimbo yake wakaiacha nyumba yake.

Hapa kwetu Uganda liko jambo la pili linalotuhusu sisi walimu wa lugha hii moja kwa moja. Katika michezo mingi tuliyoitazama, mke huzungumza lugha ya nyumbani au Kiingereza cha shule, mhubiri vilevile, lakini mlevi akifungua kinywa hutoka Kiswahili, tena Kiswahili cha kambini, cha amri na matusi. Sababu yake yajulikana. Kwa miongo mingi Kiswahili kilisikika Uganda kwanza kutoka kwa askari, na tangazo la mwaka 1973 la kukifanya lugha ya taifa lilitoka katika utawala wa kijeshi, jambo ambalo halikukipunguzia sifa hiyo. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya kuwa lugha rasmi ya pili, lakini jukwaa halisomi Katiba. Ikiwa mtoto wa Arua anakisikia Kiswahili jukwaani kutoka kwa mtu aliyelewa tu, tutamfundishaje siku ya pili kwamba ni lugha ya fikira? Mlevi apumzikaye angetusaidia hapa pia. Huyo analazimika kusema na nafsi yake, kuhesabu siku, kukataa mwaliko wa rafiki bila ya kumvunjia heshima. Hayo yote yahitaji lugha laini na yenye akili. Mpeni Kiswahili hicho!

Sasa tuje kwenye madhara tuliyoyataja. Tumesema kwamba mlevi wa sehemu ya tatu hupona kwa wimbo mmoja wa kwaya. Kwa mtu anayekunywa kidogo hilo linaweza kupita. Lakini jukwaani hatuonyeshwi mnywaji wa kidogo. Tunaonyeshwa mtu aliyekunywa sana kila siku kwa miaka. Mwili wa mtu kama huyo umejizoeza kufanya kazi ndani ya pombe, na pombe ikiondolewa ghafla mwili hulipuka. Katika saa za kwanza mikono hutetemeka, jasho humtoka, hutapika, hapati usingizi. Ndani ya siku mbili za mwanzo baadhi yao hupatwa na degedege. Kati ya siku ya pili na ya nne wako wanaochanganyikiwa kabisa: wanaona wadudu na watu wasiokuwepo, moyo unakwenda mbio, joto linapanda; na asipotibiwa, mtu anaweza kufa. Tiba ipo, nayo ni ya hospitali: dawa za kutuliza kwa kipimo, maji, vitamini, na mtu wa kumwangalia. Mnywaji mkubwa anayetaka kupumzika anapaswa kuanza kwa mganga wa zahanati au hospitali.

Mke aliyeutazama mchezo wetu angejifunza nini? Angejifunza kwamba mume akiacha leo, kesho atakuwa mzima. Na mume akianza kutetemeka usiku wa pili, akasema na watu asiowaona, mke huyo atafikiri amerogwa, au ameingiwa na pepo, au anajifanya apate kupewa pombe. Mchezo uliomwahidi asubuhi ya shati jeupe haukumwambia neno juu ya usiku huo. Ndiyo maana tunasema kwamba kosa hili si la fani peke yake. Katika sanaa yenye nia ya kufundisha, msuko wa uongo ni mafundisho ya uongo.

Nchi hii ya West Nile ina kumbukumbu yake juu ya kikombe kimoja kinachomgeuza mtu mara moja. Katika miaka ya 1910 Rembe, mtu wa Kakwa, aligawa maji ya Yakan, na waliokunywa waliamini kwamba risasi za wakoloni hazingewadhuru. Rembe alinyongwa Yei mwaka 1917. Hatuitaji historia hiyo kwa dharau. Wazee wale walikuwa wamezingirwa na maradhi na utawala wa kigeni, na watu waliozingirwa hutafuta kinga popote. Twaitaja kwa sababu tunaona imani ileile ikirudi jukwaani kwa mlango wa nyuma. Mahubiri ya sehemu ya tatu yamekuwa maji ya Yakan: mtu huyapokea mara moja tu, na tangu hapo risasi hazimwingii. Mtazamaji anayejua mambo, kama mzee yule wa Koboko, anajua kwamba risasi zinaingia.

Uongo wa pili umo katika mhusika anayeitwa "muuza pombe". Katika michezo yetu ni mwanamke mnene, mwenye kicheko kikubwa, asiye na mume wala haya, anayepokea fedha za ada kwa furaha ya shetani. Twendeni nje ya jukwaa tukamtazame. Kwete hupikwa na wanawake, kwa mahindi na nafaka iliyochipushwa, na kazi yake ni ya siku nyingi: kuchipusha, kukausha, kusaga, kukaanga, kuchachusha, kubeba kuni na maji. Waragi ya kukenekwa kienyeji vilevile imewalisha watoto wengi. Sheria ya enguli ya mwaka 1965 ilikataza kuikeneka bila ya leseni, na nia ilikuwa wapikaji wakiuzie kiwanda kile walichokikeneka. Moshi haukukoma vijijini. Mwaka 2019 serikali ilipiga marufuku waragi ya vifuko vidogo vya plastiki, na hapo pia mnywaji alitafuta chombo kingine. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2018, lilikadiria kwamba Mganda wa miaka 15 na zaidi alikunywa kwa wastani lita 9.5 za alkoholi halisi katika mwaka 2016. Wastani huo unawahesabu hata wasioonja kabisa. Kiasi kama hicho hakiwezi kuelezwa kwa ubaya wa mwanamke mmoja mwenye kicheko.

Na hapa ndipo mapumziko yanapotoa mchezo wa kweli. Mteja wake mkubwa anapopumzika siku arobaini, chungu chake kinabaki kimejaa. Ada ya mwanawe iko ndani ya chungu hicho. Je, atamwombea mteja wake amalize salama, au atamwita kwa sauti ya upole jioni ya siku ya kumi na mbili? Huenda mtoto wake na mtoto wa mlevi wanakaa dawati moja, na mwalimu anawafukuza wote wawili kwa ada: mmoja kwa sababu babake amekunywa, mwingine kwa sababu baba wa mwenziwe hakunywa. Mwandishi anayelikwepa swali hili kwa kumfanya mama yule shetani ametupa mgogoro ulio bora kuliko yote aliyo nayo.

Tuendelee na siku zenyewe za mapumziko. Waliozipitia hutueleza mambo ambayo hatujayaona jukwaani hata mara moja. Hutueleza kwamba kiu ni ngumu, lakini saa ni ngumu zaidi: saa kumi na mbili jioni, kazi imekwisha, giza linakuja, na miguu inajua njia. Aende wapi? Marafiki zake wote wako mahali pamoja, na mahali hapo ni kilabu. Akienda akaomba soda, atachekwa. Asipoenda, atasemwa kwamba anaringa au anaumwa. Akikaa nyumbani, watoto waliozoea kulala kabla hajarudi sasa wananyamaza mbele yake kama mbele ya mgeni. Mkewe anamtazama mikono. Fedha inabaki mfukoni, naye haelewi inataka nini. Hasira inampanda kwa jambo dogo, na hana cha kusingizia, maana zamani alisema ni pombe. Siku ya ishirini anagundua kwamba analala usingizi mzima. Siku ya thelathini anaanza kuhesabu zilizobaki, na hajui anazihesabu kwa furaha au kwa hofu. Mazoea yana taabu, wahenga walisema. Taabu hiyo ndiyo drama, na haihitaji koti lililovaliwa kinyume.

Wako watakaotupinga. Watasema kwamba mapumziko ni unafiki: mtu amfunge Mungu macho siku arobaini, kisha Pasaka alewe mara mbili. Walokole hasa, ambao mafundisho yao ni kuacha kabisa, watasema kwamba tunawafundisha vijana nusu ya wokovu. Hoja hii ina uzito na hatuiruki. Ni kweli kwamba wako wanaopumzika ili wapate ruhusa ya kuendelea. Mtu husema, "Naweza kuacha nikitaka, si nimefunga Kwaresima nzima?" na maneno hayo humpa leseni ya miezi mingine kumi. Mwandishi mwaminifu atalionyesha hilo pia. Lakini ushahidi haumalizikii hapo. Uingereza ilianza mwaka 2013 kampeni ya kukaa Januari nzima bila pombe, na utafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba wengi wa walioshiriki, miezi sita baadaye, walikuwa wakinywa kidogo kuliko zamani na wakiweza zaidi kukataa kinywaji. Mwaka 2018 madaktari wa London walichapisha habari za wanywaji 94 waliokaa mwezi mmoja bila kunywa: uzito ulipungua, shinikizo la damu lilishuka, na mwili ulitumia sukari vizuri zaidi. Hao hawakuwa walevi wa kutetemeka. Kwao wale tumekwisha kusema mahali pa kuanzia. Lakini kwa wengine, mapumziko yanaonekana kufundisha kitu ambacho mahubiri hayawezi kukifundisha: yanamwonyesha mtu ni nani anayekishika kikombe, yeye au kikombe chenyewe.

Na sasa tuungame. Alikuwapo mwenzetu mmoja, mwalimu, hodari wa ushairi, ambaye Jumatano moja ya Majivu alituambia katika chumba cha walimu kwamba hatakunywa mpaka Pasaka. Tulicheka. Kila asubuhi tulimwuliza zimebaki siku ngapi, kana kwamba ni mfungwa. Alipokonda kidogo tulisema pombe ndiyo iliyokuwa ikimlisha. Katika wiki ya tatu alianza kubaki shuleni jioni kusahihisha madaftari, na hapana hata mmoja wetu aliyefikiri kukaa naye, ingawa tulijua kwa nini hataki kwenda nyumbani kwa kupitia sokoni. Alizimaliza siku zote. Jumatatu ya Pasaka tulikwenda kumpongeza, na kumpongeza kwetu kulikuwa kumnunulia chupa ya kwanza. Aliitazama kwa muda. Kisha akasema, kwa adabu aliyokuwa nayo daima, kwamba hawezi kukataa heshima ya wenzake, akanywa.

Tumeifikiri chupa ile mara nyingi. Tulikuwa watu wa elimu, tuliosoma riwaya na kufundisha tamthiliya, na katika vichwa vyetu hapakuwa na picha hata moja ya mtu kama yeye. Tulimjua mlevi wa kuchekwa na tulimjua mtubu wa kupigiwa makofi. Yeye hakuwa mmojawapo wa hao, basi tulimsukuma arudi katika nafasi tuliyokuwa tukiifahamu. Hivi ndivyo sanaa duni inavyofanya kazi nje ya jukwaa: huwapa watu wazima nafasi mbili tu za kusimama. Mwaka uliofuata mwenzetu alifunga tena. Safari hii hakutuambia. Tulitambua wenyewe katikati ya Kwaresima, na mmoja wetu akaanza kubaki naye jioni kusahihisha madaftari. Pasaka ilipita, hakuna aliyenunua kitu, naye akaongeza mwezi mmoja. Baadaye alirudia, akapumzika tena. Hatuwezi kuumalizia mchezo huu kwa shati jeupe, kwa kuwa bado unaendelea. Kuvunjika kwa koleo, walimu wenzetu, si mwisho wa uhunzi.

Tunapendekeza basi mambo matatu kwa wale watakaoandika michezo ya mwaka ujao. Kwanza, mwondoeni mlevi katika kicheko cha kuingia. Aingie akitembea sawasawa, siku ya tano bila kunywa, na hadhira itambue kwa saa anayoitazama. Pili, mpeni mpika kwete mtoto, deni na ada, asimame mbele yetu kama mtu. Tatu, iacheni sehemu ya mwisho wazi. Siku ya arobaini imefika, rafiki zake wameketi, kata imejazwa na kuwekwa mezani, na wote wananyamaza. Pazia lifungwe hapo. Hadhira itakayotoka ikibishana njiani kama alikunywa au hakunywa itakuwa imefundishwa zaidi kuliko ile iliyopiga makofi. Na huenda njiani humo yumo mtu anayehesabu siku zake, ambaye kwa mara ya kwanza atakuwa amesikia watu wakizibishania bila ya kumcheka.